Jua Halitibu Kifua Kikuu, Wala Tusilifungie Dirisha

Mwezi wa Agosti mwaka jana, siku chache baada ya marufuku ya kuvua omena kuondolewa, niliteremka ufukweni karibu na Sena, kisiwani Mfangano, kumtafutia mgeni wangu kitoweo. Ilikuwa yapata saa nne ya asubuhi. Wanawake walikuwa wamekwisha kuzianika omena juu ya nyavu kuukuu, nazo zikimetameta juani kama sarafu mpya. Mashua zilikuwa zimefungwa na wavuvi wengi wamelala. Mlangoni pa kibanda kimoja cha mabati alikuwa ameketi mwanamume ambaye nilimsikia akikohoa kabla sijamtambua. Aliponiona aliinuka, akanipa mkono kwa heshima. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, mmoja wa wale wachache waliokuwa wakiketi dawati la mbele na kuuliza maswali hata baada ya kengele kulia.

"Kikohozi hicho kina muda gani, mwanangu?" nilimwuliza.

"Tangu ziwa lilipofungwa, Mwalimu. Lakini usiwe na wasiwasi, ninatumia dawa."

Aliingia ndani akarudi na chupa ya vidonge. Nilivaa miwani nikasoma maandishi yake. Vilikuwa vidonge vya vitamini D, alivyouziwa na mchuuzi mmoja apitaye ufukweni na mkoba wake. Nilipomwuliza kwa nini hakwenda kupimwa makohozi, alinitazama kwa mshangao usio na hila hata kidogo.

"Mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba jua na mafuta ya samaki huua kifua kikuu? Nami jua silipati, kwa maana usiku niko ziwani na mchana nimelala. Basi nikaona heri nilinunue la chupa."

Msomaji mpendwa, nimefundisha Biolojia kwa muda mrefu, na nimesahihisha majibu mengi yaliyonichekesha na mengine yaliyonikera. Hilo ndilo jibu la kwanza lililoninyima usingizi, kwa sababu halikuwa la mwanafunzi aliyekosa kusikiliza. Alisikiliza vizuri mno. Kosa lilikuwa langu.

Makala haya nayaandika kulikiri kosa hilo mbele ya walimu wenzangu, na kusema kwa nini naamini kwamba wengi wetu tungali tunalitenda kila siku, kila tunaposimama mbele ya ubao na kumpa mtoto nusu ya habari ya kisayansi huku tukijivunia kwamba tumempa sayansi.

Nieleze kwanza nilichofundisha. Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, akiwamo Robert Modlin, lilichapisha katika jarida la Science ugunduzi uliowasisimua wengi. Habari zake zilinifikia mwaka uliofuata. Kwa mwalimu aliyekuwa amezoea kuiandika vitamini D ubaoni kwa mstari mmoja tu, "huimarisha mifupa na kuzuia matege", ilikuwa kama kufunguliwa chumba cha pili katika nyumba niliyodhani naijua. Niliingia darasani nikiwa na furaha ya mtoto, nikafundisha kipindi kizima bila kutazama kitabu. Na niliyoyasema, yote yalikuwa kweli. Hebu niyarudie, maana hayajapoteza uzuri wake.

Mwaka 1882 unastahili kuandikwa ubaoni mara mbili. Tarehe 24 Machi mwaka huo, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekigundua kijidudu kiletacho kifua kikuu. Kabla mwaka huo haujaisha, katika mji wa Messina, kisiwani Sicily, Mrusi Ilya Metchnikoff alimchoma mwiba buu wa kiti cha pweza, kiumbe mdogo wa baharini apenyezaye mwanga, kisha akatazama kwa hadubini. Aliona seli zikiuendea mwiba ule na kuuzingira kama watu wanaomzingira mwizi. Hapo ndipo alipoanza kuielewa kinga ya asili, yaani ile tunayozaliwa nayo, isiyongoja kufundishwa na chanjo wala na ugonjwa uliopita. Seli hizo walaji ndizo tunazoziita makrofeji. Hukaa mapafuni, ngozini, inini na kwingineko, na kila kigeni kinachoingia hukutana nazo kwanza. Metchnikoff alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich.

Lakini kijidudu cha Koch ni hodari. Makrofeji hukimeza, nacho hakifi. Hukaa tumboni mwa askari aliyekimeza na kupageuza maskani yake. Hapo ndipo ugunduzi wa 2006 unapoingia.

Vitamini D huanzia ngozini, pale sehemu fulani ya miale ya jua inapoigeuza aina moja ya mafuta yaliyomo humo. Kisha ini huigeuza mara ya kwanza, nayo huzunguka katika damu ikiwa bado haijawa na nguvu kamili. Vitabu vyetu husema kwamba figo ndizo huikamilisha, nayo ikaenda kulisaidia tumbo kunyonya chokaa ya mifupa. Watafiti wale walionyesha jambo la zaidi: makrofeji ya binadamu inapomtambua adui kwa vipokezi vyake vya kutoa hadhari, huwasha yenyewe kimeng'enya cha kuikamilisha vitamini hiyo, papo hapo ilipo, bila kuzingoja figo. Vitamini iliyokamilika hushikamana na kipokezi chake, kikaenda kwenye jeni na kuamuru itengenezwe peptidi iitwayo kathelisidini, ambayo hutoboa kuta za bakteria. Na katika chombo cha maabara, makrofeji zilizopata vitamini ya kutosha zilikipunguza kijidudu cha kifua kikuu.

Darasani nilitumia mfano wa karabai. Mlinzi wa mashua, niliwaambia, anayo taa yake mkononi. Akisikia kishindo majini ataiwasha mwenyewe, hahitaji kumwomba chifu ruhusa. Lakini taa isiyo na mafuta, mlinzi ataipampu hadi mkono umwume bila kuona kitu. Vitamini D iliyomo katika damu ndiyo mafuta ya taa ile. Wanafunzi walipiga makofi. Mmoja wao ndiye huyo niliyemkuta ufukweni miaka mingi baadaye akiwa na chupa yake.

Nikawaambia pia kwamba jambo lenyewe si geni kabisa. Katika karne ya 19 madaktari wa Ulaya waliwapa wagonjwa wa kifua kikuu mafuta ya ini la samaki, na baadaye wagonjwa walilazwa kwenye roshani za hospitali za milimani ili wapigwe na jua na hewa. Niels Finsen, mwana wa visiwa vya Faroe, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kuitibu kwa mwanga aina ya kifua kikuu iliyao ngozi. "Kumbe wazee wale hawakuwa wajinga," nilihitimisha kwa mbwembwe. "Jua na samaki! Na sisi watu wa Mfangano tuna nini zaidi ya jua na samaki?"

Kengele ikalia. Hapo ndipo nilipokomea, na hapo ndipo kosa lilipo.

Niliyoyaeleza ni jinsi kitu kinavyofanya kazi ndani ya seli. Mwanafunzi wangu alisikia kwamba kitu hicho ni tiba. Kati ya mambo hayo mawili pana bonde pana kuliko mlango wa maji unaotutenga na Mbita, na mimi sikumjengea daraja wala kumwonyesha kwamba bonde lenyewe lipo. Sikumwambia kwamba seli katika chombo cha kioo si mtu. Sikumwambia kwamba baada ya kugundua njia, sayansi hulazimika kuuliza swali la pili lililo gumu zaidi: je, tukimpa mtu kitu hiki, atapona? Je, hataambukizwa?

Swali hilo la pili limekwisha kuulizwa, tena hapa kwetu Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 2014 na 2017, mjini Dar es Salaam, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwaandikisha watu wazima 4,000 waliokuwa wakianza kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na ambao vitamini D katika damu yao ilikuwa pungufu. Nusu walipewa vitamini hiyo, na nusu wakapewa vidonge vinavyofanana nayo visivyo na dawa ndani. Mgonjwa hakujua amepewa kipi, wala daktari hakujua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Vitamini D haikupunguza vifo, wala haikupunguza idadi ya walioshikwa na kifua kikuu cha mapafu.

Huenda msomaji akasema kwamba wale walikuwa wagonjwa tayari, na virusi vimekwisha kuwaua askari wengine wanaosaidiana na makrofeji. Hoja hiyo ina uzito. Basi tutazame Mongolia, nchi ya baridi kali. Huko watoto wa shule 8,851 wa mji wa Ulaanbaatar, ambao zaidi ya asilimia 95 kati yao walikuwa na upungufu wa vitamini D, walifuatwa kwa miaka 3, wengine wakipewa vitamini kila wiki na wengine kidonge kitupu. Majibu yalitoka mwaka huo huo wa 2020: walioambukizwa kifua kikuu walikaribia kulingana katika makundi yote mawili. Afrika Kusini nayo ikajaribu kwa watoto wa shule wa Cape Town, na mwaka 2023 ikapata jibu kama hilo.

Na magonjwa mengine ya njia ya hewa, kama mafua na homa ya mapafu? Mwaka 2017 majaribio 25 yaliyojumlishwa pamoja yalionyesha kwamba vitamini D ilileta kinga ndogo, hasa kwa wenye upungufu mkubwa. Majaribio yalipoongezeka na kufika 46, hesabu iliyochapishwa mwaka 2025 ilionyesha kwamba faida hiyo imefifia kiasi cha kutoweza kutofautishwa na bahati nasibu.

Je, ina maana kwamba ugunduzi wa 2006 ulikuwa uongo? La hasha! Taa ni ile ile na mafuta ni yale yale. Ila mashua haizami kwa sababu moja tu. Kijidudu cha kifua kikuu kina mbinu zake za kuizima taa. Tena mwaka 2011 watafiti wa kundi hilo hilo walionyesha kwamba makrofeji hungoja pia ishara kutoka kwa seli nyingine za kinga, zile ambazo virusi vya UKIMWI huziangamiza. Mafuta yakijaa na aliyepaswa kupiga kelele ya hatari hayupo, taa itabaki gizani. Isitoshe, wapo wanaougua kwa sababu wanalala watu 8 katika chumba kisicho na dirisha, au kwa sababu hawali wakashiba. Upungufu huo hautibiwi na kidonge kimoja.

Lipo na somo lingine ambalo ningelifundisha siku ile lau ningekuwa na busara zaidi ya furaha. Kwa miaka mingi madaktari waliona kwamba wagonjwa wa kifua kikuu wana vitamini D kidogo katika damu. Wengi wakakata shauri kwamba upungufu ndio ulioleta ugonjwa. Lakini mgonjwa hukaa ndani. Hula kidogo. Hana nguvu ya kutoka juani. Yumkini ugonjwa ndio ulioleta upungufu, au umaskini umeleta vyote viwili. Wahenga walikwisha kutuonya: jogoo likiwika, lisiwike, kutakucha. Mambo mawili kufuatana si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Ukitaka kujua kama jogoo ndiye aletaye alfajiri, mfunge mdomo siku moja, uone. Majaribio ya Dar es Salaam, Ulaanbaatar na Cape Town yalifanya kitu cha namna hiyo. Mwanafunzi akiielewa methali hiyo kisayansi, mchuuzi wa vidonge atapata shida sana kumwuzia chochote.

Nikirudi sasa kisiwani kwetu, yapo mambo mawili ambayo sitaki msomaji aondoke bila kuyajua. La kwanza ni kwamba vitamini D ingali na kazi yake, na wapo miongoni mwetu wanaoikosa hata katika nchi hii ya jua. La pili ni kwamba jua lina kazi nyingine dhidi ya kifua kikuu isiyopitia ngozini kabisa.

Mfangano iko karibu nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Saa sita ya mchana kivuli cha mtu hujikunja chini ya miguu yake kama mbwa mwenye usingizi. Mwanafunzi anaweza kuupima ukweli huu bila chombo chochote: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko urefu wako, miale inayotengeneza vitamini D inakufikia kwa wingi, kikiwa kirefu kuliko wewe, kama asubuhi na jioni, miale hiyo ni haba. Kioo cha dirisha huizuia karibu yote. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe, lakini kwa anayeshinda nje hapa kwetu muda huo hupatikana bila kutafutwa. Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao za kale. Wastani wa vitamini D katika damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ilhali upungufu kwa kawaida huhesabiwa chini ya 50. Hawakuwa wamemeza kidonge hata kimoja.

Na uchunguzi mpana ulioongozwa na watafiti wa Kilifi, ukachapishwa mwaka 2021, uliwapima watoto wadogo zaidi ya 4,500 wa Kenya, Uganda, Burkina Faso, Gambia na Afrika Kusini. Wenye upungufu mkubwa, chini ya 30, hawakufika hata asilimia 1, na walio chini ya 50 walikuwa asilimia 7.8. Kwa hiyo mzazi wa kijijini ambaye mtoto wake anacheza nje hana haja ya kumnunulia vitamini D ya chupa.

Lakini mji ni habari nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika mtaa mmoja wa mabanda mjini Nairobi watoto walipatwa na matege kwa kukosa vitamini D. Jua la Nairobi lilikuwapo juu ya paa. Mtoto alikuwa chini ya paa, amefungiwa ndani kwa sababu mama yuko kazini na nje si salama.

Nami nikamkumbuka mwanafunzi wangu. Wavuvi wa omena huvua usiku wa giza, wakiwavuta samaki kwa taa, zamani za karabai na sasa za nguvu ya jua. Alfajiri hurudi, mchana hulala ndani ya mabati. Wanaishi katikati ya jua kali kuliko la Ulaya yote, nao wanaligeuzia mgongo. Mkewe anayezianika omena hukaa juani tangu asubuhi, na mumewe, hatua 20 kutoka hapo, hulala gizani pamoja na wenzake 4 wanaopumuliana. Panya wa maabara, ambaye naye ni mnyama wa usiku, hana njia hii ya kuiwasha kathelisidini kwa vitamini D. Imeonekana kwa binadamu na jamaa zake nyani. Tumeumbwa viumbe wa mchana, lakini tumbo limewageuza baadhi yetu kuwa wa usiku.

Hata hivyo kilichomwambukiza kijana huyo hakikuwa hasa ukosefu wa jua ngozini. Kilikuwa hewa ya chumba kile. Jua linaloingia chumbani huviua vijidudu vya kifua kikuu, na upepo wa ziwa huvitawanya, kabla havijafika pafuni mwa mtu yeyote. Ndiyo sababu nimechagua kusema kwamba jua si tiba, na papo hapo tusilifungie dirisha. Nimeingia katika mabweni ambamo madirisha yamezibwa kwa mbao au kwa makaratasi, wanafunzi wamesongamana kama omena katika gunia, na ukutani limebandikwa bango linalohimiza kinga ya mwili. Tunawafungia kuanzia alfajiri ya masomo ya mapema hadi usiku wa masomo ya ziada, halafu tunawaambia wale chungwa!

Mambo haya si ya mzaha katika kaunti yetu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba watu wazima 19.6 kati ya kila 100 wa Homa Bay wanaishi na virusi vya UKIMWI, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa 4.9. Kifua kikuu ndicho kinachowaua zaidi watu wenye virusi hivyo duniani. Zamani mtu akikonda na kukohoa, wazee walisema ameshikwa na chira kwa kuvunja mwiko, wakamtafutia mganga wa kumtakasa. Tuliipiga vita imani hiyo mashuleni, tukashinda kiasi. Nisingependa tuwe tumemwondoa mganga wa chira ili tumpishe mchuuzi wa vitamini. Wote wawili wanakula kitu kimoja cha mgonjwa, nacho ni muda. Kijana wangu alipoteza miezi 4 akiwa amelala chumba kimoja na wenzake 4 na akimbeba mwanawe wa miaka 3.

Ninalotaka kwa walimu wenzangu ni kwamba tufundishe kipindi cha pili. Tukieleza jinsi dawa au chakula kinavyofanya kazi ndani ya seli, tusitoke darasani kabla ya kuuliza: je, kimejaribiwa kwa watu? Wangapi? Kikalinganishwa na nini? Wapo watakaodai kwamba tukimwambia mtoto kuwa jambo zuri la maabara lilishindwa kwa wagonjwa, atapoteza imani na sayansi yote. Mimi naona kinyume chake. Anayepoteza imani ni yule aliyeahidiwa na mwalimu wake kitu ambacho mwili wake mwenyewe ulikuja kukikanusha. Kisa cha vitamini D kinafaa kuliko vingi kufundishia jambo hili, kwa kuwa kina ugunduzi wa kweli, matumaini ya kweli na majaribio ya haki yaliyotoa jibu ambalo watafiti wenyewe hawakulitamani, nao wakalichapisha.

Kwa wakuu wa shule: fungueni madirisha, tena leo. Mwachieni mtoto mapumziko yake ya saa nne na ya adhuhuri ayatumie nje. Mwenye ulemavu wa ngozi apewe kofia na nguo za mikono mirefu na akae kivulini, kwa maana jua linalomfaa jirani yake linaweza kumletea saratani.

Kwa wanaopanga huduma za afya: mvuvi wa usiku hawezi kufika zahanati ya asubuhi, kwani saa hiyo ndiyo kwanza anafumba macho. Mfuateni ufukweni jioni kabla mashua hazijatoka. Mfuateni siku za mbalamwezi, ambapo omena hawavuliwi vizuri na wavuvi wako nyumbani. Mfuateni kati ya Aprili na Julai, ziwa linapofungwa kwa omena. Kalenda ya ziwa inajulikana na kila mtoto wa Mfangano. Sioni kwa nini isiwe kalenda ya kupima makohozi.

Na kwa wanafunzi: kikohozi kikipita wiki 2, nenda ukapimwe. Kipimo na dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kuleni omena, ni chakula bora. Chezeni juani. Lakini msimeze vitamini D kwa kuagizwa na mwenye mkoba, kwani ikizidi hujaza chokaa katika damu na kuziumiza figo. Na mwalimu wenu akiwaambia jambo tamu kuhusu mwili, msipige makofi kabla hamjamwuliza limejaribiwa wapi.

Siku ile nilimwomba kijana wangu avae shati, tukaenda pamoja hadi kituo cha afya, kitoweo cha mgeni nikakisahau. Makohozi yake yalipopimwa, vijidudu vilikutwa. Alianzishiwa dawa za miezi 6, aina 4 katika miezi 2 ya kwanza na aina 2 katika miezi 4 iliyosalia. Mkewe alipimwa akakutwa mzima, na mtoto akapewa dawa ya kumkinga. Wenzake wa chumbani nao waliitwa. Wawili walikuja kupimwa, na wawili walikuwa wamehamia ufuo mwingine. Hadi ninapoandika makala haya hawajapatikana.

Yeye amemaliza dawa zake zote na amerudi ziwani. Nilipomtembelea mara ya mwisho, nilikuta ametoboa dirisha katika ukuta wa mabati upande wa ziwa, dogo, la kukatwa kwa panga, na kingo zake amezikunja nje zisimkate mtoto. Aliniuliza swali moja, kama alivyozoea dawati la mbele: "Mwalimu, hili nalo limejaribiwa?"

Nilimweleza habari ya upepo na hewa, na jinsi jua linavyowaua wadudu wale chumbani. Safari hii sikuondoka hadi alipomaliza maswali yake yote.